Barua Isiyo na Salamu

Ufunguo wa kabati la mafaili aliuvaa shingoni, ndani ya sweta, na kila alipouhitaji alitugeuzia mgongo, utadhani tungeweza kuuiba kwa macho. Sisi tuliofanya naye kazi kwenye muungano wa wakulima wa viazi, Njombe mjini, tulimwita Mama wa Masjala, kwa kuwa kila barua iliyoingia au kutoka ilipita mezani kwake kwanza. Jina lake la ubatizo nalijua. Sitaliandika hapa, maana nimekwisha kulichafua vya kutosha.

Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na mguu wa kushoto uliomsumbua kila ukungu ulipokaa siku nyingi. Mwezi wa saba alivaa sweta mbili na kitenge juu yake, akapiga mihuri hivyo hivyo. Alikuwa mkali. Ukimletea faili lenye kona zilizokunjika, alilinyoosha kwa kiganja taratibu, na wewe ukabaki umesimama pale na aibu yako. Lakini huyo huyo ndiye aliyejua mtoto wa nani amelazwa na nani amefiwa, na saa nne kila siku aliinuka mwenyewe kwenda jikoni nyuma ya ofisi kutuchemshia chai. Mhudumu tulikuwa naye. Mama alisema chai ya mhudumu ni maji ya kuoshea vikombe.

Mezani kwake, kando ya pedi ya wino, palikaa glasi ya maji safi. Mgeni angedhani ni ya kunywa. Ilikuwa ya kupimia viazi. Mkulima akija na wasiwasi juu ya shamba lake, Mama alichukua shina la kiazi alilolileta, akalikata kwa wembe, akaning'iniza ncha yake ndani ya maji, kisha akaendelea na barua zake. Baada ya dakika chache, zikianza kushuka nyuzi nyeupe kama maziwa, basi shamba lile lina mnyauko, na mbegu zake hazifai kupewa mtu. Hayo hayakuwa majukumu yake. Tulikuwa na bwana shamba, naye alikuwa akija kuchungulia glasi kama sisi wengine.

Siku moja dada yake wa tumbo moja, anayekaa Makambako, alimletea gunia la mbegu kama zawadi. Mama alishukuru, akapiga magoti kidogo kama ilivyo adabu yao, kisha akatoa wembe na kuanza kukata viazi mbele ya mwenye zawadi. Dada yake akanuna.

"Yaani mimi huniamini?"

"Wewe nakuamini. Kiazi sikiamini. Chenyewe hakijui kama sisi ni ndugu."

Tulicheka sana siku ile. Ningeyashika yale maneno, nisingekuwa naandika haya.

Alikuwa na usemi mwingine, na huo ndio nilioushika. "Barua isilale." Alimaanisha kwamba barua iliyofika leo ijibiwe leo, hata kama jibu lenyewe ni "tumepokea, subirini". Mtu ameacha kazi zake kule Lugarawa, amekaa chini akaandika, halafu wewe uiache barua yake ilale kwenye trei kama mgeni aliyenyimwa kitanda? Kwake huo ulikuwa utovu wa adabu usio na dawa. Tuliajiriwa vijana kadhaa pale, na kila mmoja wetu alifundishwa hilo kabla hata hajaonyeshwa choo.

Ila kuijibu barua, kwa Mama, hakukuwa sawa na kuiamini. Sisi tulichanganya mambo hayo mawili. Barua iliwahi kufika ikiwa na sahihi ya mwenyekiti wetu wa wakati ule, ikiagiza mbegu zitolewe ghalani apewe mtu fulani. Muhuri ulikuwa sawa, sahihi ilikuwa sawa. Mama aliisoma mara mbili, akaiweka kando.

"Hii siyo yake," akasema.

Meneja akamuuliza amejuaje.

"Mwenyekiti hajawahi kuniandikia bila kuniuliza mguu."

Wakampigia simu mwenyekiti, naye akashangaa, hakuwa ameandika chochote. Tangu hapo tulijua kwamba Mama anawafahamu watu kwa salamu zao. Katibu wa tawi letu la Makambako alianza kila barua na "Bwana Yesu asifiwe, Mama." Mzee wa kikundi cha Matamba alianza na hali ya baridi ya kwao, kisha akasifu afya ya ng'ombe wake, na jambo lenyewe likaja mwishoni kabisa. Mama hakuwahi kuruka mistari hiyo. Alisema humo ndimo mtu anamokaa.

Zilipokuja kompyuta wengi tulidhani amefika mwisho wa kamba yake. Mwanzoni alichapisha kila barua pepe, akaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akaitia kwenye faili, nasi tukamcheka chini chini. Baada ya miezi michache alikuwa anaandika haraka kuliko mimi niliyeajiriwa kwa ajili ya mashine hizo. Anwani zote za wanachama aliziingiza mwenyewe, huku akiwa amezinakili pia, pamoja na namba za simu, kwenye daftari lenye jalada gumu. "Mashine inaweza kulala," alisema. "Daftari halilali."

Na hapa kuna jambo ambalo sijalielewa kwake mpaka leo. Kabati la mafaili alitufichia hata sisi. Kompyuta aliiacha wazi. Akienda kuchemsha chai, barua zake zilibaki zimefunguka pale pale kwenye kioo, na ukimwambia aifunge alishangaa. "Ndani ya masjala hakuna mgeni," alisema. Alikuwa anatuhesabu sisi kama watu wa nyumbani.

Ilikuwa saa nne, mwezi wa kumi na moja, wakati orodha za mbegu zinakusanywa ili magari yatoke kabla ya mvua za kwanza. Printa yangu ilikuwa imekwama, nikaenda masjala kutumia yake. Mama alikuwa jikoni, nilimsikia akimgombeza mhudumu juu ya tangawizi. Nikiwa nimesimama pale, barua ikaingia kwenye mashine yake. Imetoka kwa katibu wa Makambako, chini ya kichwa kile kile walichokuwa wakiandikiana wiki nzima, orodha ya mbegu. Nikajiambia, barua isilale. Nimsaidie Mama, akirudi akute imeshachapwa.

Nikakaa kwenye kiti chake. Barua ilisema: "Tazama kiambatisho. Asante." Basi. Hapakuwa na Bwana Yesu asifiwe wala Mama. Nilikuwa nimesoma barua za yule katibu mara nyingi, na macho yangu yalipita juu ya maneno yale kama yanavyopita juu ya ukuta. Nikafungua kiambatisho. Ukatokea ukurasa mweupe na juu yake kitufe cha njano kilichoniomba niruhusu kitu fulani ili maandishi yaonekane. Nikaruhusu. Maandishi hayakuonekana. Nikadhani katibu amekosea kutuma, nikafunga, nikachapa karatasi zangu, nikanywa chai ya Mama, tena vikombe viwili.

Kufika mchana simu zilianza. Lugarawa wanauliza mbona Mama ametuma karatasi tupu. Matamba wanauliza hivyo hivyo. Kwetu wenyewe kila aliyepata barua kutoka masjala aliifungua mara moja, na ningeshangaa kama asingefungua. Barua ya Mama wa Masjala nani angeiacha ilale?

Fundi aliyeletwa kutoka Iringa alituelezea akiwa ameshika kikombe, bila papara. Alisema hiki siyo kirusi cha kawaida kinachongoja ukibebe mwenyewe. Huyu ni mnyoo, anatembea kwa miguu yake. Ukimfungulia mara moja, anaingia kwenye kitabu cha anwani, anasoma barua za zamani, kisha anamwandikia kila mtu kwa jina lako, juu ya mazungumzo ambayo kweli mliyaanza. Anayepokea anaona jina analolijua na habari anayoifahamu, anafungua, na kwake yeye mnyoo anaanza tena. "Hana nguvu ya kuvunja mlango huyu," fundi alisema. "Anabisha tu kwa sauti ya mtu wenu."

Mashine zote zilizimwa, hapa na matawini, wiki mbili nzima. Orodha za mbegu zilikuwa ndani yake. Magari yalichelewa, na mvua hazikutungoja. Yule mzee wa Matamba alipanda wakati majirani zake wasio wanachama wetu wanapalilia, na alichovuna mwaka ule hakikustahili jasho lake.

Kikao kiliitwa. Fundi alikuwa ameonyesha wazi kwamba kwetu mnyoo aliingilia kwenye mashine ya masjala, saa nne na dakika kadhaa. Meneja aliuliza nani alifungua. Mama alisimama, akashika meza kwa sababu ya mguu.

"Barua hiyo siikumbuki," akasema. "Nimejitahidi kuikumbuka, sikumbuki. Ila mashine ni yangu, na ninayeikalia ni mimi."

Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka kwake. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule. Nilitazama kalamu yangu. Nilijiambia nitamwona meneja faraghani baada ya kikao, na baada ya kikao nikajiambia kesho. Nakiri hapa bila kuzunguka: niliogopa, na woga wangu ulikuwa na miguu mingi kuliko yule mnyoo.

Siku zilizofuata Mama alichukua lile daftari lenye jalada gumu, akaanza kumpigia mtu mmoja baada ya mwingine. Nilimsikia kupitia ukuta wa mbao, akianza na salamu ya kwao. "Kamwene, mwanangu. Ni Mama wa Masjala. Kuna barua imekuja kwa jina langu, siyo yangu, usiifungue. Umeshaifungua? Pole sana. Ni kosa langu, unisamehe." Kisha alama ya kalamu, kisha namba nyingine. Ni kosa langu, unisamehe. Nilisikia maneno hayo mpaka nikawa naondoka ofisini kwenda kusimama barabarani bila sababu.

Hawakumfukuza. Walimwambia apumzike, kwa maneno mazuri, na kitenge kipya, na keki. Alitoa ufunguo shingoni mbele yetu sote, safari hii bila kugeuka. Mkataba wangu uliongezwa.

Kilichofuata ndicho kinachonikosesha raha zaidi. Muungano ukaamua kila tawi lipewe semina ya tahadhari, na aliyechaguliwa kuzitoa ni mimi. Nikazunguka Ludewa na Makete nikifundisha watu: usifungue kiambatisho ambacho hukukitarajia, hata kama kimetoka kwa mtu unayemjua, mpigie kwanza umuulize, kikikuomba ruhusa ya kitu usichokielewa, kinyime. Yote ni kweli, na kila moja nilijifunza kwenye kiti cha Mama. Na ili watu waelewe nilitoa mfano. "Kulikuwa na mama mmoja pale ofisini kwetu, mtu mzima," nilikuwa nasema, na watu wanatikisa vichwa kwa huruma. Niliusema mfano ule mahali pengi. Kila tulipovunja semina, watu walichokumbuka ni mfano huo.

Mwaka wa tatu tangu Mama apumzishwe, nilimwandikia. Nilikesha na maneno siku kadhaa, nikaandika ukurasa mmoja na nusu, rasmi kabisa, wenye tarehe na kumbukumbu namba, kwa sababu aibu ilinifanya nijifiche nyuma ya mtindo wa ofisi. Kisha nikautuma kwa barua pepe. Kama kiambatisho. Juu yake nikaandika, "Tazama kiambatisho. Asante." Mwalimu wa tahadhari!

Jioni ile simu yake iliita. Nililiona jina lake, nikaliacha mpaka likazimika. Likaita tena siku ya pili. Nilidhani amesoma na anataka kunisikia nikisema kwa mdomo, na huo mdomo sikuwa nao. Hakupiga tena.

Mwaka huu, mwezi wa pili, nilikwenda Makambako kwa semina. Tulipomaliza, katibu wa tawi, yule yule wa Bwana Yesu asifiwe, akaniambia Mama anakaa kwa dada yake, upande wa reli, siyo mbali. "Utapita bila kumsalimia?" akaniuliza. Tukaenda wote hadi kwenye geti, yeye akarudi.

Mama alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anachambua viazi vya mbegu, vizima kulia, vya kutupa kushoto. Amepungua. Sweta lile lile.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ee, ni wewe! Kamwene, baba, karibu, vuta kigoda. Wa nyumbani wazima?"

Tulisalimiana kwa kirefu, kama anavyopenda. Nikamuuliza mguu. Nikamuuliza habari za kanisani, maana kwa miaka yote alikuwa katibu wa kwaya, na hakuna aliyethubutu kukosa zoezi.

"Ukatibu niliuacha," akasema. "Nao ufunguo wa kabati la kwaya nimewarudishia. Waliniomba nibaki, nikakataa."

"Kwa nini?"

Akageuza kiazi kimoja mkononi, akakitazama pande zote. "Mtu anayefungua barua halafu hakumbuki, unampaje ufunguo? Niliwaza, leo nimesahau barua, kesho nitasahau jiko linawaka. Mama yetu alianza hivyo hivyo, akaishia hatujui sisi ni akina nani. Basi najiangalia. Kila asubuhi nataja majina ya wajukuu kabla sijatoka kitandani. Dada yangu huyu wa ndani anadhani nasali."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Nilifikiri nimemnyang'anya kazi, na jina zuri, na hayo niliyaweka yote kwenye ule ukurasa mmoja na nusu. Hili sikuliweka kwa sababu sikulijua. Alikuwa ameishi muda wote ule akiiogopa akili yake mwenyewe.

"Mama," nikasema, "ile barua niliyokutumia. Hukuisoma?"

"Niliiona. Sikuifungua." Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza. "Haikuwa na salamu. Nikasema huyu siye yeye, yeye namjua, ni yule mnyoo amerudi. Nikakupigia nikuulize. Mara mbili. Ndivyo unavyowafundisha watu siku hizi, nimesikia, wanasema unafundisha vizuri."

"Ilikuwa yangu kweli."

"Ilikuwa na nini?"

Nikamwambia. Sikutumia lugha ya ofisi, nilisema tu: siku ile ulikuwa jikoni unachemsha chai, nikakaa kwenye kiti chako, nikafungua mimi. Hukusahau kitu. Hapakuwa na cha kukumbuka.

Aliacha kuchambua. Kiazi kilibaki mkononi, na mimi nikangoja anirushie, ningefurahi angenirushia.

"Kwa hiyo sikuifungua," akasema.

"Hukuifungua."

"Nilijua isingenipita ile. Haikuwa na Bwana Yesu asifiwe. Fundi alinionyesha baadaye, nikajiambia, mimi nimeipitaje hii?" Akafuta macho kwa kitenge, kwa hasira, kama mtu anayefuta meza. "Miaka yote hii, mwanangu. Na wewe ulikuwa ndani ya kile chumba."

"Nilikuwemo. Nisamehe, Mama."

Hakujibu hilo, na mpaka leo hajalijibu. Aliinuka akishikilia ukuta, akaingia ndani, akarudi na daftari lenye jalada gumu. Kila jina lilikuwa na alama yake ya kalamu, ya ile wiki aliyowaomba wote msamaha. Akaliweka magotini pangu, na kalamu juu yake, ya rangi nyingine.

"Usiwaandikie," akasema. "Hawatafungua. Wapigie. Anza na mzee wa Matamba, mvua zilimpita."

"Sasa hivi?"

"Isilale."

Nikapiga. Iliita mara nyingi, mtandao wa kule si wa kuaminika, kisha nikasikia upepo na ng'ombe na sauti ya mzee ikisema haloo. Nikaanza kwa haraka, kabla moyo haujanigeuka: mimi ni fulani wa muungano, ile barua ya mwaka ule, siyo Mama aliyeifungua, ni mimi.

"Nani?" mzee akauliza. "Nani huyo? Sikusikii."

Mama alikuwa amerudi kwenye kigoda chake na viazi vyake. Hakuinua macho.

"Msalimie kwanza," akasema. "Atajuaje kama ni wewe?"

Nikavuta pumzi. "Shikamoo, mzee," nikasema. "Baridi ya huko inasemaje?"